Pampu ya Mafuta Ndegeni: Uiwashe Lini, Uizime Lini

Ukitoka kiwanja cha Wilson, Nairobi, na Piper Warrior kwenda Kitui, waongoza ndege watakuzungusha kidogo upande wa kusini juu ya mbuga ya wanyama, uukwepe uwanja mkuu wa JKIA, kisha watakuachia uelekeze pua mashariki. Ol Donyo Sabuk inabaki kushoto, milima ya Iveti kulia. Unavuka mto Athi, unavuka mgongo mrefu wa Yatta, na nusu saa na ushei tangu magurudumu yaache lami unaona mabati ya soko la Kwa Vonza na majengo ya Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya. Abiria wako watapiga picha. Wewe utatazama saa, kwa sababu hapo ndipo inapokubidi kubadilisha tangi.

Warrior ina tangi moja katika kila bawa, na valvu yake haina nafasi ya kunywa matangi yote mawili kwa pamoja. Ni kushoto, ni kulia, au ni kufunga. Kwa hiyo kila baada ya nusu saa hivi unapeleka mkono chini karibu na goti la kushoto, unazungusha valvu, na kwa sekunde kadhaa injini inategemea mafuta yaliyobaki ndani ya mpira na bomba. Ndiyo maana kabla ya kuigusa valvu unawasha pampu ya umeme. Na ndiyo maana nimeandika mwongozo huu: wanafunzi wengi wanaijua swichi hiyo kama watu wanavyojua kupiga ishara ya msalaba kabla ya kula. Wanaigusa kwa wakati wake, ila ukiwauliza kwa nini, wanatazama dirishani.

Tatizo ni kwamba swichi hiyo haina maana moja katika ndege zote. Katika ndege moja usipoiwasha wakati wa kuruka umekosea. Katika nyingine ukiiwasha wakati huohuo umekosea vibaya zaidi. Na ndege hizo mbili zinaweza kuwa zimeegeshwa bawa kwa bawa palepale Wilson.

Mafuta husukumwa, hayavutwi

Tuanze na ndege isiyo na pampu kabisa. Gipsy Moth zilizoruka Kenya miaka ya 1920 na 1930 zilikuwa na tangi juu, katikati ya bawa la juu. Mafuta yaliteremka yenyewe hadi kwenye kabureta, kama maji ya tangi la mabati lililo juu ya nyumba yanavyoteremka hadi bombani. Cessna 150, 152 na 172 za kawaida zilizotengenezwa kabla ya kampuni hiyo kusimamisha ndege zake ndogo mwaka 1986 zinafanya vivyo hivyo: bawa juu, kabureta chini, uzito wa mafuta ndio pampu.

Ndege ya bawa la chini haina bahati hiyo. Tangi liko chini ya injini, kwa hiyo lazima kitu kiyapandishe mafuta. Kazi hiyo hufanywa na pampu inayozungushwa au kusukwasukwa na injini yenyewe. Katika Warrior ni pampu ndogo yenye kiwambo cha mpira kinachocheza juu na chini. Haitaki umeme; injini ikizunguka, nayo inafanya kazi. Pampu ya umeme imewekwa kama mwenzake wa akiba, kwenye bomba lilelile, kabla mafuta hayajafika kwa pampu ya injini.

Mkulima yeyote wa kando ya mito ya mchanga ya Ukambani anajua tofauti ya kuvuta na kusukuma kuliko marubani wengi. Anajua kwamba pampu yake ya petroli ikikaa juu ukingoni na maji yakiwa mita nane chini, itaunguruma mchana kutwa bila kutoa tone. Dawa yake ni kuiteremsha pampu ndani ya shimo, karibu na maji. Pampu haivuti maji kwa kweli; inapunguza shinikizo ndani ya mpira, halafu hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji kupanda. Hewa ikishindwa, hakuna litakalofanyika.

Kwenye petroli kuna ubaya wa ziada. Ukiipunguzia shinikizo, inachemka. Mapovu ya mvuke yanaingia bombani, na pampu iliyoumbwa kwa ajili ya kimiminika inabaki kubana na kuachia mvuke uleule. Joto huongeza hatari hiyo, na vilevile kimo. Anayepika muthokoi Nairobi anajua kuwa hauivi kwa haraka ya Mombasa, kwa sababu maji ya Nairobi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Kwa petroli ya ndege iliyokaa juani Kitui mwezi wa Februari, ikapandishwa hadi futi 9,500 kupitia bomba linalopita kando ya injini ya moto, hali ni mbaya zaidi. Pampu ya umeme, kwa kusukuma kutoka nyuma, hulipa bomba shinikizo na kuyazuia mafuta yasigeuke mvuke.

Nichepuke kidogo. Petroli ya ndege, ile ya rangi ya samawati, haipatikani kila kiwanja, na kuna siku utashawishika kununua petroli ya magari kwenye kituo cha mafuta kando ya barabara ya Kitui. Petroli ya magari kwa kawaida hugeuka mvuke upesi kuliko ya ndege. Kama injini na ndege yako havina kibali cha kuitumia, jibu ni hapana. Na kama vina kibali, jua kwamba siku hiyo pampu ya umeme itakuwa na kazi kubwa zaidi.

Kabla ya kuwasha injini

Kwenye Warrior au ndugu yake Cherokee, washa swichi kuu, kisha pampu ya umeme, halafu nyamaza. Usiongee na abiria. Pampu za aina ya kugonga zitasikika: tak-tak-tak-tak kwa haraka, kisha milio inapungua kasi kadiri bomba linavyojaa na shinikizo linavyopanda. Nyingine hazigongi, zinavuma tu kama friji. Sindano ya geji inapanda kuingia kwenye kijani, ambacho katika Warrior huanzia nusu psi hadi 8. Ikiwa milio haipungui, au sindano haisogei, kuna kitu: tangi ulilochagua ni tupu, bomba linavuja, pampu inavuta hewa. Shuka ukatafute.

Ukiwa bado chini, hebu chungulia pia bomba dogo la kumwagia lililo chini ya injini. Kiwambo cha pampu ya injini kikipasuka, mafuta hutokea huko, nayo huacha doa la samawati. Doa hilo ni la kumwonyesha fundi, si la kufuta na kitambaa.

Injini ikishawaka na kutulia, fanya jambo ambalo nimeona likirukwa mara nyingi: zima pampu ya umeme. Tazama geji. Sindano inaweza kushuka kidogo, lakini ibaki kijani. Hapo sasa unajua kuwa pampu ya injini inafanya kazi peke yake. Ukiiacha ile ya umeme ikiwaka tangu kuwasha hadi kutua, pampu ya injini inaweza kuwa imekufa wiki iliyopita na hutajua, mpaka siku fyuzi ya pampu ya umeme itakapokatika.

Kuruka

Kwenye Cherokee na jamaa zake, pampu ya umeme inawashwa kabla ya kuingia kwenye njia ya kurukia. Sababu ni rahisi. Pampu ya injini ikifa ukiwa futi 300 juu ya ardhi, huna muda wa kugundua, kufikiri, na kunyoosha mkono. Wilson iko futi 5,536 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 25 hewa yake ni nyembamba kama ya futi 8,000, na Warrior yenye watu wanne haipandi, inasitasita kupanda. Nguvu yoyote utakayoipoteza hapo hutairudisha.

Kuizima ni kazi inayotaka utulivu. Ngoja ufike walau futi 1,000 juu ya ardhi, ndege ikiwa inapanda vizuri na mbele yako kuna mahali pa kutua ukilazimika. Zima, lakini usiondoe kidole kwenye swichi. Macho kwenye geji, masikio kwenye injini, hesabu hadi kumi polepole. Sindano ikianguka, kidole kipo hapohapo: washa, geuza, rudi uwanjani.

Na usiizime kwa wakati mmoja na kitu kingine. Rubani akipunguza nguvu, akapunguza utajiri wa mchanganyiko wa hewa na mafuta, akabadilisha tangi na kuzima pampu, vyote ndani ya sekunde tano, halafu injini ikakohoa, atajua vipi ni kipi kilichosababisha? Atavirudisha vyote kwa mkupuo, huku mikono ikigongana.

Juu ya Kwa Vonza

Turudi kwenye saa yetu. Uko futi 7,500, ardhi ya Kwa Vonza iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo chini yako una futi 3,700 hivi. Injini ikizima, Warrior itakupa dakika nne na kitu za kuteleza. Angalia chini kwanza, si valvu. Kuna migunga na miiba mingi, kuna mashamba yaliyosafishwa, kuna barabara ya Machakos na Kitui yenye magari na nguzo za umeme. Chagua shamba moja akilini mwako. Usipoliona shamba, sogea mbele kidogo ndipo ubadilishe. Matangi hayana haraka hiyo.

Kisha washa pampu ya umeme. Ona sindano ikipanda kidogo. Zungusha valvu hadi tangi la pili, uisikie ikiingia mahali pake. Valvu iliyosimama katikati ya nafasi mbili ni hatari kuliko tangi tupu. Subiri. Nasema subiri kwa sababu injini itaendelea kunguruma kwa mafuta ya zamani kwa sekunde kadhaa hata kama umeielekeza mahali pasipo na kitu. Kaa dakika nzima ukiangalia geji, ndipo uzime pampu, kidole kikiwa bado palepale.

Ukikuta injini imezima kwa sababu ulilinyonya tangi la kwanza hadi likakauka, washa pampu, geuza valvu, na usiogope ukimya. Kitabu cha ndege hizi kinaonya kuwa inaweza kuchukua hadi sekunde kumi mabomba yaliyokauka kujaa na nguvu kurudi. Sekunde kumi hewani ni nyingi mno. Rubani asiyelijua hilo huanza kuzungusha valvu huku na huku, na kila akigeuza anaanzisha sekunde kumi nyingine.

Nimeulizwa kwa nini tusiache pampu ikiwaka safari nzima, mradi ipo. Sababu ya kwanza nimekwisha kuitaja, ile ya kuficha ubovu wa mwenzake. Ya pili ni kwamba pampu nyingi za aina hii hazikukusudiwa kuzunguka saa zote, na pampu ya akiba iliyochakaa si akiba. Ya tatu ni umeme: jenereta ya ndege ikifa juu ya Tsavo, kila kifaa kinachokula betri kitakuwa adui yako, na wewe utaitaka betri hiyo kwa redio na, ikibidi, kwa pampu yenyewe.

Pale mazoea yanapoleta taabu

Nilijifunza kuruka kwa Cherokee. Baadaye nikapanda kwenye Cessna 206 ya zamani, yenye injini ya Continental ya kupulizia mafuta. Siku ya pili, tukiwa tumejipanga kwenye njia ya kurukia, kidole changu kikaenda chenyewe kuwasha pampu ya umeme, kama kilivyofundishwa. Nikasukuma mkono wa nguvu mbele. Injini ikavuta, kisha ikazubaa. Ikaguna kama mtu aliyepaliwa na uji. Mwalimu wangu, mzee mmoja asiyependa maneno, alinyoosha mkono mbele ya kifua changu akaizima swichi. Injini ikanyanyuka, nasi tukaondoka ardhini. Hakusema kitu mpaka tulipopita futi elfu moja.

"Hii si Cherokee, kijana," akasema, na hakulirudia tena somo hilo, wala hakuhitaji.

Kilichotokea ni hiki. Injini za Continental zenye mfumo wao wa kupulizia mafuta hupimiwa mafuta na pampu ya injini yenyewe: shinikizo linalotoka kwenye pampu ndilo linaloamua ni mafuta kiasi gani yaingie kwenye silinda. Ukiongeza pampu ya umeme nyuma yake huku ile ya injini ikiwa nzima, unaongeza mafuta yasiyoombwa. Mchanganyiko unakuwa tajiri kupita kiasi. Kwenye usawa wa bahari kule Malindi injini ingevumilia kidogo. Wilson, ambako hewa tayari ni haba, inazama.

Ndiyo maana swichi ya 206 hizo imegawanywa mara mbili. Nusu ya kulia ni ya njano: hutumika kuwasha injini, kuondoa mvuke mdogo, na kuiendesha injini katika safari ikiwa pampu yake imekufa. Nusu ya kushoto ni nyekundu, ya dharura, na ina springi ili isibaki ikiwaka bila mkono wako. Hiyo ni ya wakati pampu ya injini imekufa ukiwa unaruka kwa nguvu zote: unaishikilia hadi uvuke miti na nyumba, unapunguza nguvu hadi ya kawaida ya safari, unaiachia, na nusu ya njano inatosha kukufikisha uwanjani. Ukiishika ile nyekundu kwa injini ambayo pampu yake ni nzima, unaweza kuizima kwa mkono wako mwenyewe.

Injini nyingi za Lycoming za kupulizia mafuta hazina tabia hiyo. Kifaa kinachopima mafuta kiko mbele ya pampu zote mbili na hupima kwa kulinganisha na hewa inayoingia, kwa hiyo shinikizo la ziada kutoka nyuma halibadilishi kipimo. Ukiwasha pampu ya umeme, injini haitasikia.

Sasa tazama mtego wenyewe. Cessna ilipoanza tena kutengeneza 206 mwishoni mwa miaka ya 1990, iliiwekea injini ya Lycoming. Jina lilelile kwenye mkia, umbo lilelile, kiti kilekile. Swichi ya pampu haina maana ileile. Na 172 nayo: ile ya zamani ya kabureta haina pampu ya umeme, zile za R na S zilizokuja baada ya hapo zinapulizia mafuta na zina pampu, ambayo kwa kawaida unaitumia wakati wa kuwasha injini, unaizima wakati wa kuruka, na unaiwasha tena pale tu mtiririko wa mafuta unapoyumba au injini inapozima. Wahenga walisema mazoea yana taabu, nao hawakuwahi hata kuiona 206.

Kuwasha injini ya moto

Umetua kiwanja cha vumbi saa saba mchana, umeshusha abiria, umekunywa chai ya robo saa. Injini imezima lakini haijapoa. Kinyume chake, bila upepo wa propela joto lake limepanda na kuingia kwenye mabomba membamba yaliyo juu ya silinda. Mafuta ndani yake yamekuwa mvuke. Unageuza stata, injini inazunguka, haiwaki. Unaimiminia mafuta kwa pampu. Haiwaki. Unaongeza. Sasa umeizamisha, na betri inaanza kulalamika.

Hapa tena aina ya injini ndiyo inayoamua. Kwa Continental, ambayo ina bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi, marubani wengi hufunga kabisa mkono wa mchanganyiko, wakawasha pampu kwa nusu dakika au zaidi: mafuta baridi yanapita, yanaogesha mabomba, yanarudi tangini bila kuingia kwenye silinda. Kisha wanawasha kama kawaida. Kwa Lycoming isiyo na bomba la kurudisha, kufanya hivyo hakuzungushi chochote. Huko unaacha pampu, unafunga mchanganyiko, unafungua mkono wa nguvu kidogo, unapiga stata, na injini ikishika unaingiza mchanganyiko taratibu kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa kwenye nguvu. Mara ya kwanza utahisi umepungukiwa na mkono wa tatu.

Ikiwa umeshaizamisha, pampu izimwe, mchanganyiko ufungwe, mkono wa nguvu ufunguliwe wote, upige stata. Hewa itasafisha silinda. Ikiwaka, rudisha nguvu haraka na uingize mchanganyiko. Kabla ya hapo tazama chini ya injini: petroli ikiwa inadondoka, ngoja ikauke. Moto mwingi wa wakati wa kuwasha huanzia kwa rubani aliyezidisha mafuta.

Kuna kosa jingine dogo linalogharimu sana: kuwasha pampu ya 206 huku swichi kuu ikiwa juu, mchanganyiko ukiwa wazi na injini imesimama, kisha kushuka kuzungumza na watu. Mafuta yanaendelea kuingia kwenye matundu ya silinda wakati wewe unacheka na mwenyeji wako.

Lini izimwe bila kujadiliana

Moto wa injini. Pampu ya umeme ni mkono unaopeleka petroli mbele. Kukiwa na moto, au bomba limepasuka, inalisha moto. Kwa hiyo funga valvu ya tangi, funga mchanganyiko, hakikisha pampu imezimwa. Vilevile ukinusa petroli kali ndani ya chumba cha rubani, au geji ya mtiririko ikionyesha mafuta mengi kupita kiasi huku injini ikikwama, usikimbilie kuwasha pampu. Huenda mafuta yanatoka nje ya bomba, nawe utaongeza kasi ya kuvuja.

Fyuzi ya pampu ikiruka hewani, iache ilivyo kama injini inaenda vizuri. Waya huo unakwenda mahali penye petroli, na fyuzi haikuruka kwa sababu ya uvivu. Fundi ataiona chini.

Pampu isiyoweza kukuokoa

Septemba 1936 Beryl Markham, aliyekuwa amezoea kuruka Kenya akiwatafutia wawindaji tembo, aliondoka Uingereza peke yake kuvuka Atlantiki kuelekea magharibi kwa ndege ya Vega Gull. Baada ya saa 21 hewani injini ilikosa mafuta, naye akaangukia kwenye kinamasi huko Nova Scotia, Kanada. Barafu ilikuwa imeziba matundu ya kupumulia ya tangi. Tangi lisilopumua halitoi mafuta, kama kibuyu kilichoinamishwa bila nafasi ya hewa kuingia.

Ukambani hakuna barafu, ila kuna nyigu. Ndege iliyolala nje siku tatu Kitui au Makindu inaweza kuamka na udongo wa nyigu ndani ya tundu la kupumulia la tangi. Pampu mbili, ya injini na ya umeme, zitavuta hadi bawa lijikunje, bila kupata kitu. Kwa hiyo unapozunguka ndege asubuhi, tia kidole, uangalie kwa tochi. Kama tundu limejaa udongo usilitoboe kwa kijiti ukausukuma ndani, mwite fundi. Na ukimaliza, panda juu ya bawa, fungua kifuniko, pima mafuta kwa kijiti cha kupimia, kwa sababu geji za mafuta za ndege ndogo ni waongo, na pampu yoyote ile, hata ikavuma vizuri namna gani, haitatoa kitu kwenye tangi tupu. Maji nayo: mwaga sampuli kutoka kwenye kila tundu la chini, uiinue juani. Samawati safi, bila tone linalotembea chini ya glasi.

Kabla hujapanda ndege mpya kwako, omba kitabu chake, ukae nacho kivulini nusu saa, usome sehemu ya mfumo wa mafuta na ile ya dharura. Andika kwenye kikaratasi lini pampu inawashwa na lini inazimwa katika ndege hiyo, kwa namba yake ya mkia. Na ikiwa ni 172 ya kabureta, usipoteze muda kuitafuta swichi. Haipo.